Ufunguo uko kwa nani? Majibu kwa mabosi wa Mwanza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa mabosi. Wafanyakazi nao wanaandika, ila wao huomba nisitaje hata mtaa.

*Nifanyeje wafanyakazi wangu wawe na motisha? (Wasomaji wanne: Igoma, Buzuruga, Nyegezi, na mmoja hakusema)*

Lipa mshahara tarehe uliyoahidi. Swali hili linarudi kila mwezi, na kila nikimuuliza mwenye swali alilipa lini mara ya mwisho, kimya.

*Shikamoo mzee. Nina duka la vifaa vya ujenzi na vijana watano. Mali ikipungua stoo nawakata wote sawasawa ili walindane. Sasa hawaelewani kabisa. (Igoma)*

Marahaba. Umemfanya kila mmoja askari wa mwenzake, bila posho ya uaskari, halafu unashangaa hawapatani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikupi ruhusa hiyo. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kukata watano kwa kosa usilojua ni la nani hakumo humo.

Na mimi yamenikuta. Nikiwa msimamizi wa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha minofu, asubuhi moja nilifunua kreti za sangara nikakuta barafu imeisha, samaki wanaelea kwenye maji mekundu, mashavu yameshageuka kahawia. Zamu ya mchana ilijua sisi tutaongeza barafu. Sisi tulijua imeshaongezwa. Meneja alitaka kukata watu kumi na mmoja, na hata mmoja hakuwa amezembea; mimi ndiye sikuwahi kusema barafu ni kazi ya nani. Tangu siku ile zamu haikutoka mpaka watu wawili, mmoja wa kila upande, wafunue kila kreti pamoja na kusaini daftari. Ilichukua dakika kumi hivi.

Stoo yako iwe na mtu mmoja, kwa jina, anayekabidhi na kukabidhiwa kwa kuhesabu. Saruji inahesabika. Misumari pimeni kwa kilo.

*Nimwajiri shemeji yangu awe msimamizi? (Mabatini)*

Mwajiri. Ila ufunguo wa stoo na daftari la mahudhurio visikae mfuko mmoja.

*Nina saluni, wasusi sita. Mwisho wa mwaka nikiwapa bahasha za bonasi wananuna. Niwape sawa au kwa kazi? (Pasiansi)*

Mama, nenda alfajiri mwalo wowote wa dagaa, Igombe au Kayenze. Mzigo ukishauzwa, mafuta ya injini yanatolewa kwanza, kisha chakula, kisha taa iliyoharibika, yote kwa sauti, wavuvi wamechuchumaa wanahesabu kwa vidole. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Tajiri anabeba fungu kubwa na kila mtu anajua ni kwa sababu mtumbwi wake, nyavu zake. Kelele hazikosekani, sitakudanganya, lakini zinaishia palepale mchangani.

Wasusi wako wananunia bahasha kwa kuwa imefungwa. Waambie Januari kwamba mapato yakifika hapa, mtapata hiki. Aliyesuka vichwa vingi apate zaidi, na hesabu ya vichwa ibandikwe ukutani kila Jumamosi. Binti anayefagia na kufua taulo naye awemo. Barua yako haikumtaja, na nina hakika yupo.

Hili hukuuliza: mbalamwezi ikikomaa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao hazivuti kitu. Wanashona nyavu, wanalala, wanaenda kuona watoto. Wasusi wako walipumzika lini? Sheria inawapa siku 28 kwa mwaka, zenye malipo.

*Naweza kumwachisha mtu kazi kwa WhatsApp? (Nyakato)*

Tena? Inatakiwa sababu halali, utaratibu wa haki, na notisi ya maandishi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na aliyevuka mwezi wa kwanza. Akiona ameonewa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na meseji yako ndiyo atakayoifungua mbele ya msuluhishi.

*Tuliwapeleka vijana wa ofisi kisiwani Saanane kujenga umoja. Fulana za rangi moja, michezo, nyama choma. Jumatatu wakachelewa kama kawaida. Tulikosea wapi? (Mjini kati)*

Pimbi wa Saanane hawajawahi kumfundisha mtu kuwahi. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kazi inaanza saa mbili, ufunguo unao wewe, na wewe hufika saa tatu kasoro "kutokana na majukumu". Vijana walishajua kuwa anayewahi atasimama juani na mkoba wake, akisukumana na muuza karanga kivulini. Chongesha ufunguo wa pili leo hii, umpe anayekaa karibu.