Re: Joto la kikaushio linayumba tangu tubadilishe kontrola

Kaka wa Gongoni, salaam. Wasema tangu muhamie sistimu mpya ya kontrola (kifaa kinachofungua na kufunga valvu ya mvuke) hapo kiwanda cha chumvi joto la kikaushio linapanda linashuka, halitulii, na namba za tyuning (za kuamua kontrola iitikie kwa nguvu na kasi gani) mmenakili zilezile za zamani. Basi anza na hizo namba! Kama kontrola ya zamani ilitumia proposhono bendi 50 (asilimia ya kipimo inayoipeleka valvu mwanzo hadi mwisho), kwenye mpya inayotumia geini (kosa lizidishwe mara ngapi) hiyo ni 2, yaani 100 gawanya kwa 50, ukiandika 50 umezidisha mara 25, masikini valvu. Integro pia (sehemu inayoendelea kusahihisha kosa lililobaki): kama ya zamani ilihesabu marudio na mpya inahesabu sekunde, marudio 2 kwa dakika ni sekunde 30, si sekunde 2.

Lakini lupu ya nje, ile ya joto inayoipa ya ndani lengo la mvuke, usiiguse kwanza. Iweke manyuali (kwa mkono), ushughulike na ya ndani, ile ya mvuke, sogeza setpointi yake (lengo lake) kidogo uone kama mtiririko wafuata haraka bila kuyumba, maana ya ndani isipokuwa na kasi kuliko ya nje mara tatu nne hivi zitapigana tu. Na skeli jamani, wengi huisahau: ya joto ikitoa asilimia 0 hadi 100 na ya ndani inangoja kilo za mvuke kwa saa, hamtatulia kamwe. Nitumie grafu ya valvu na mtiririko pamoja, hata picha ya simu yatosha.