Jibu: Unga wa seli shina na kisukari cha bi mkubwa

Mkuu, umeuliza kama bi mkubwa anywe ule unga wa "seli shina" (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) anaouziwa na mwenzake wa kikoba, na kama akishauanza anaweza kupunguza insulini. Naanza na la pili: asipunguze hata yuniti moja bila daktari wake. Mtu anayetegemea insulini akiikatisha, siku chache tu zinatosha kumlaza wodi ya mahututi.

Sasa huo unga. Mimi niko kaunta ya duka la dawa miaka mingi na sacheti hizi naletewa sana. Mteja anaiweka mezani: "Dokta, hii haigombani na dawa zangu?" (Sio dokta, ila nimeshachoka kukanusha.) Huwa naigeuza nasoma viambato. Nyingi nilizoziona ni tofaa, zabibu, kolajeni, vitamini C na kitu cha kuongeza utamu. Seli ya tofaa hata ingekuwa hai, kazi inayoijua ni ya tofaa. Kutengeneza insulini haijui.

Haya, tuseme ndani kuna seli za binadamu kabisa. Zinafikaje kwenye kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini? Seli hai za tiba hutunzwa ndani ya nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na zikishayeyushwa zinatakiwa zitumike haraka. Hiyo sacheti imezunguka kwenye mkoba kwa joto la Dar, halafu inaenda kukutana na asidi ya tumbo na vimeng'enya vilevile vinavyosaga nyama ya pilau.

Hapo kwenye kufika ndipo watafiti wenyewe wanapotoka jasho. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, mgonjwa wa kwanza akachomwa Januari 1922. Ni protini ndogo, asidi amino 51 tu, na zaidi ya miaka mia baadaye bi mkubwa bado anachoma sindano, kwa sababu ikimezwa inameng'enywa kabla haijafika kwenye damu. Angalia semaglutaidi, dawa nyingine ya kisukari. Kidonge chake kiliidhinishwa Marekani 2019, na ilibidi kichanganywe na kemikali maalumu ya kukivusha kwenye ukuta wa tumbo. Unakimeza tumbo tupu, kwa maji kidogo, unakaa nusu saa hujala. Pamoja na yote hayo kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 1. Ndiyo maana kidonge kinafika miligramu 14 kila siku wakati sindano ya miligramu 1 inatosha wiki nzima. Kampuni kubwa zenye maabara zinahangaika hivyo kuvusha molekuli moja, wewe unaambiwa seli nzima inapita kwa kukoroga kwenye glasi!

Tiba ya kweli ya seli kwa kisukari ipo, ila ni utafiti. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya zimislecel: seli shina zinakuzwa maabara mpaka ziwe za kutengeneza insulini, kisha zinaingizwa kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Kati ya wagonjwa 12 waliopata dozi kamili, 10 walikaa bila insulini baada ya mwaka. Lakini walikuwa wa kisukari aina ya kwanza, ile ambayo kinga ya mwili imeharibu seli za kutengeneza insulini, na inabidi wanywe dawa za kushusha kinga ya mwili ili seli zisishambuliwe. Mshiriki mmoja wa utafiti huo alifariki kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Bi mkubwa umesema kaanza kuumwa akiwa na miaka hamsini na kitu, kwa hiyo inawezekana kabisa yake ni aina ya pili.

Hata hapa kwetu seli shina zinatibu: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanapandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa wenye seli shina za damu) kwa watoto wenye selimundu. Mtoto analazwa, anatafutiwa ndugu wa kumchangia, anapewa dawa kali kwanza. Hakuna anayeuziwa kibarazani.

Muuzaji akikuonyesha cheti, soma cha nani. Dawa zinasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vyakula tangu 2019 viko TBS, shirika la viwango. Cheti cha chakula hakimpi mtu ruhusa ya kusema kitu chake kinatibu kisukari.

Kwa bi mkubwa nenda taratibu, maana huyo mwenzake naye ameweka mtaji na labda anaamini kweli. Hela ya boksi moja ningemnunulia stripu za kupimia sukari. Na kama ameshaanza kunywa, piga picha nyuma ya pakiti uiweke hapa, tuone kuna sukari kiasi gani humo.