Re: Binti wa PCM (fizikia, kemia, hesabu), umeme, baadae afundishe chuo, inawezekana?

Dada umeuliza kama binti yako akisoma uhandisi wa umeme anaweza kuwa mtafiti na mwalimu wa chuo, au ni fani ya wanaume. Anaweza bwana! Mwambie amtafute Edith Clarke, Mmarekani, 1919 kachukua masta ya umeme chuo cha MIT, mwanamke wa kwanza pale kwa fani hiyo, ila kazi ya uinjinia wakamnyima, kampuni ya General Electric wakampa kusimamia wadada wa kupiga mahesabu, akaona isiwe tabu akaenda zake Istanbul kufundisha fizikia, 1922 haohao General Electric wakamchukua tena kama injinia. 1925 akapata hataza ya kifaa chake cha kurahisisha hesabu za laini ndefu za umeme. Kufundisha uhandisi chuo kikuu, Texas, kaanza 1947, yuko sitini na kitu huyo!

Kwa hapa Dar sasa, GPA (wastani wa alama za chuo) ndo kila kitu. Kuanza kama TA (mwalimu msaidizi) pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, wanaangalia 3.8 kwenda juu, kisha masta, PhD ndo aitwe lekchara, vyeo vya juu ni machapisho. Mshahara wa mwanzo asiutegemee sana, kodi za nyumba Sinza unazijua mwenyewe. Hesabu anazipenda lakini?