Umeniuliza kwa nini weusi wa huku hawamwamini mtu

Mdogo wangu, ule ujumbe wa sauti uliotuma kwenye kundi la familia nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi naenda zamu ya usiku, nikakasirika, nikaona heri nisijibu. Kwa faida ya waliojiunga juzi, ulisema hivi: "Dada, hao Wamarekani weusi wamezaliwa na pasipoti tunayoililia sisi. Kiingereza cha kwao, dola za kwao. Sasa umaskini wao unatoka wapi kama si uvivu? Na mbona kila kitu wanakipinga? Serikali hawaiamini, benki hawaziamini, hata daktari hawamwamini." Mjomba naye akaitikia, akasema sisi wabeba maboksi tunajenga Tanga huku wenyeji wamekaa vibarazani.

Nakujibu bila kukuficha, maana mwaka 2014 niliposhuka uwanja wa O'Hare hapa Chicago nilikuwa na mawazo hayo hayo kichwani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kitongoji cha nje ya jiji. Msimamizi, mama wa Kizungu mwenye sauti ya upole, aliniambia wiki ile ile ya kwanza: nyinyi Waafrika mnajituma, si kama hawa wa kwetu. Nilifurahi mno. Usiku ule nilimpigia mama, nikamsimulia kama mtu aliyefaulu mtihani. Basi nikaanza kuwatazama wenzangu weusi wa huku kwa jicho lile lile la msimamizi. Wakilalamika zamu zimepangwa vibaya, mimi nanyamaza na kuinua wazee. Wakikataa kufanya siku ya saba mfululizo, naichukua mimi.

Ulipita kama mwaka mmoja. Tuko kwenye chumba cha kubadilishia nguo, dada mmoja mweusi mzaliwa wa hapa, tuliyekuwa naye zamu moja, akaniuliza nalipwa kiasi gani kwa saa. Nikamtajia. Alinyamaza kidogo, akafungua simu yake akanionyesha karatasi yake ya mshahara. Alinizidi dola mbili na senti kadhaa. Tulianza kazi mwaka mmoja, tena cheti changu na chake ni kimoja. Alisema tu, "Dada, uliza," akafunga kabati lake, akaenda. Niliuliza. Jibu nililopewa ni kwamba sikuwahi kuomba. Sijasahau aibu ya siku ile, na aibu yenyewe haikuwa ya pesa. Ni kwamba mwaka mzima niliwadharau watu waliokuwa wanakataa jambo nililolikubali mimi kwa kutojua.

Lakini aliyenifumbua macho hasa ni Mzee mmoja wa North Lawndale, upande wa magharibi wa jiji. Nilimtunza nyumbani kwake kuanzia 2019 hadi 2022. Jina lake silitaji, familia yake haijaniruhusu. Alizaliwa Mississippi mwaka 1936, akaja Chicago kijana, kama walivyokuja mamilioni ya weusi waliokimbia kusini kati ya 1910 na 1970. Alikuwa mtu mpole, anapenda bamia kama sisi, ila karatasi humwambii asaini. Fomu ya dawa nimsomee mara mbili, kila mstari, kisha aseme iache mezani aje binti yangu. Siku nilipomletea fomu ya kusaini kwa kidole kwenye simu, alirudisha mkono nyuma kana kwamba nimemwonyesha nyoka. Nilichoka naye. Nikamwambia, kwa ukali kuliko ilivyonipasa, Mzee, hakuna anayetaka kukuibia.

Hakujibu. Alinituma kabatini nikamletee kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi, mamia, zimefungwa kwa mipira iliyokwisha kukauka na kukatika, kila fungu na mwaka wake. Nyingine wino umefifia ukawa rangi ya chai. Juu ya kila moja mkewe, ambaye alikuwa ameshafariki, aliandika kwa penseli: imelipwa. Kuanzia 1961.

Hapo ndipo nilipoijua habari ambayo nataka nawe uijue kabla hujasema tena neno uvivu.

Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeanguka, serikali ya Rais Roosevelt iliunda shirika la kuwaokoa watu waliokuwa wanapoteza nyumba kwa madeni. Likachora ramani za miji na kuipaka mitaa rangi nne: kijani, buluu, njano na nyekundu. Nyekundu maana yake hatari, usikopeshe hapa. Mtaa wenye watu weusi ulipakwa nyekundu karibu kila mara, hata kama wakazi wake walikuwa walimu na makarani wa posta wanaolipa madeni yao vizuri. Mwaka 1934 likaja shirika jingine, FHA, la kudhamini mikopo ya nyumba. Nalo likawa na utaratibu ule ule: mtaa wa weusi haudhaminiwi. Mfanyakazi wa kiwandani Mzungu akaweza kununua nyumba kwa kianzio kidogo na kulipa polepole kwa miaka mingi kwa riba nafuu. Mweusi wa kiwanda hicho hicho akienda benki anaambiwa hapana. Na wewe elewa, huku nyumba ndiyo mnazi wa familia. Inasomesha, inaanzisha biashara, inazika, na wajukuu wanairithi.

Sasa mtu mwenye mshahara lakini hakopesheki afanye nini? Wakaja walanguzi. Mlanguzi ananunua nyumba kwa Mzungu anayehama kwa hofu, kwa bei ya kutupa, kisha anamuuzia mweusi kwa karibu mara mbili, kwa mkataba. Ukitoa kianzio na kulipa kila mwezi, matengenezo ni yako na kodi ya jengo ni yako, lakini hati inabaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja, unatolewa vyombo nje, na yote uliyolipa yamekwenda. Kesho yake nyumba inauzwa kwa mwingine. Wewe uliyeona kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu watatu pale kwetu, fikiria mchezo huo ukiwa halali mahakamani, na jiji zima la weusi likiwa ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipiga hesabu mwaka 2019: katika miaka ya 1950 na 1960, familia nyeusi za Chicago zilipoteza kati ya dola bilioni 3 na 4 kwa mikataba hiyo. Katika nyumba walizonunua weusi miaka ile, walau robo tatu zilinunuliwa kwa njia hiyo.

Na waliofanya haya hawakuwa wahuni wa kijiweni. Walikuwa mawakili, mabenki, maofisa wa serikali wenye shahada ukutani. Mahakimu ndio waliosaini amri za kuwatoa watu. Mdogo wangu, hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Mtu aliyeibiwa na kibaka anamwogopa kibaka. Aliyeibiwa na mwenye tai na kalamu, tena mbele ya hakimu, atamwogopa nani?

Martin Luther King alihamia Lawndale hii hii mwaka 1966 na familia yake, akakaa kwenye nyumba mbovu ya kupanga ili dunia ione. Agosti mwaka huo, akiandamana Marquette Park kudai weusi waruhusiwe kuishi popote, alipigwa jiwe kichwani. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ikasainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya yeye kuuawa. Mwaka huo huo wanunuzi wa Lawndale waliungana, Mzee na mkewe wakiwamo, wakagoma kulipa. Mwaka 1970 askari walikuja kutoa watu vyombo nje, majirani wakavirudisha ndani usiku. Walanguzi wengine walilegea na kupunguza bei za mikataba, na nyumba ya Mzee ikaponea hapo. Lakini kesi yao kubwa, waliposhtaki mahakama ya shirikisho, ilikwisha mwaka 1976 kwa baraza la wazee wa mahakama kusema hakukuwa na ubaguzi. Mzee aliniambia mkewe alitoka mle mahakamani, akaenda moja kwa moja kununua hilo kopo la biskuti.

Utasema hayo ni ya kale. Sawa. Mwaka 2008 mikopo mibovu ya nyumba ilipoiangusha dunia, walioumia mbele ni mitaa hii hii. Wizara ya Sheria ilibaini kwamba kampuni ya mikopo ya Countrywide iliwatoza weusi na Walatino zaidi ya 200,000 ada na riba kubwa kuliko Wazungu wenye sifa zile zile, na mwaka 2011 kesi ikamalizwa kwa dola milioni 335. Mabenki yalitengewa na serikali dola bilioni 700. Waliopoteza nyumba walipata barua.

Desemba mwaka huo huo wa 2008, meya Richard M. Daley alipeleka kwa madiwani mkataba wa kukodisha mita zote za kuegesha magari Chicago, kama 36,000, kwa miaka 75. Waliozikodi ni wawekezaji walioongozwa na benki ya Morgan Stanley, na mfuko wa Abu Dhabi ukaingia humo. Bei dola bilioni 1.15. Madiwani walipewa siku chache tu, wakapitisha kwa kura 40 dhidi ya 5. Miezi sita baadaye mkaguzi wa jiji akasema mali hiyo imekwenda kwa pungufu ya karibu dola bilioni moja. Mkataba utaisha 2083. Jiji likifunga barabara kwa ajili ya gwaride, linawalipa wenye mita. Na waliopiga kura ya ndiyo hawakuwa Wazungu peke yao, madiwani weusi wa mitaa maskini walikuwamo. Ndiyo maana nakwambia suala si rangi tupu. Kigogo ni kigogo. Sisi tuliosikia habari za Escrow, ile kashfa ya fedha za mkataba wa umeme Tanzania, tunaijua mikataba ya namna hii, na nashangaa tunavyowaelewa wananchi wetu wanaposhuku halafu tukifika huku tunawaita weusi wakorofi kwa jambo lile lile.

Wazungu maskini nao wameumizwa. Nilifanya kazi na dereva mmoja wa gari la wagonjwa aliyetoka Gary, ule mji wa chuma ng'ambo ya mpaka wa Indiana. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa kiwanda, mitaa yao sasa imejaa magofu. Anawachukia mabenki na wanasiasa kuliko hata Mzee. Ila yeye anaamini fedha zake walipewa weusi, kwa misaada. Nilimwuliza umewaona wapi weusi wenye fedha zako? Benki Kuu ya huku ilipopima mwaka 2022, familia ya kati ya Kizungu ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya weusi dola 44,900. Alisema takwimu ni za wakubwa, haziamini. Hapo nikakosa la kusema.

Sitaki ufikiri kushuku kote ni busara. Mwaka 2021 Mzee alikataa chanjo ya korona miezi mitatu. Alikuwa na miaka 36 ilipofichuka kwamba serikali iliwaacha weusi wa Tuskegee wakiugua kaswende tangu 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, ili iwachunguze. Ningemjibu nini? Lakini nilikuwa nazika watu, nikaogopa kila siku kumkuta amekufa. Alichanjwa siku mchungaji wake alipochanjwa mbele yake ukumbini kanisani. Wapo ambao hawakumsubiri mchungaji yeyote, wamelala makaburini. Kutoamini kumewaua watu huku, nami nimewafunga baadhi yao macho.

Umeuliza pia kama ubaguzi upo au ni visingizio. Upo. Wewe ukija, lafudhi yako itakukinga kidogo mwanzoni, watakusifu kama walivyonisifu mimi, na sasa unajua sifa hiyo ina bei gani. Mwanao hatakuwa na kinga hiyo. Wangu ana miaka 14, anaongea kama mtoto wa Chicago, na mlinzi wa dukani anamfuata nyuma kwenye kila kabati bila kuuliza wazazi wake wametoka Tanga au Mississippi. Mtafiti wa chuo kikuu cha New York alionyesha mwaka 2019 kwamba anayezaliwa Streeterville, kando ya ziwa, anatarajiwa kuishi miaka 90, na wa Englewood, mtaa wa weusi, miaka 60. Ni kama kilomita 14 tu kati yao. Kwa basi nafika kabla simu haijaisha chaji. Kwa hiyo ukipata viza, njoo, nitakupokea, kitanda kipo. Ila usije na lile neno.

Mzee alifariki mwaka 2022, kitandani kwake, ndani ya nyumba yake. Mtaa sasa unaanza kupanda bei. Binti yake ananiambia simu haziishi, watu asiowajua wanataka kuinunua nyumba kwa pesa taslimu wiki hii hii, na mmoja alidai baba yake alishakubali na kusaini. Alinipigia usiku, sauti inatetemeka, kuniuliza kama katika miaka ile mitatu Mzee aliwahi kusaini karatasi yoyote mbele yangu.

Nikamwambia hapana. Hakusaini hata moja.