Sola ya nyumbani Dodoma: pesa iweke kwenye betri

Jua si tatizo letu. Hapa Bahi, kiangazi chetu kinaanza Mei na kufika Novemba, na paneli ya wati 100 hunipa kama wati-saa 350 kwa siku, joto na vumbi vikishachukua chao. Kwa hiyo muuzaji akikushawishi uongeze paneli, mrudishe kwenye betri.

Kwanza piga hesabu. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 zinakula wati-saa 100. TV ndogo na king'amuzi chake, wati 40 kwa saa 4, ni 160. Simu, tuseme 30. Jumla 290. Pasi ya wati 1,000 ukiitumia nusu saa tu inakula 500! Ya mkaa bado ipo sokoni.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila kama ni ya asidi usiitumie kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki 600, yaani siku mbili za matumizi hayo hata mawingu ya Januari yakitanda. Ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, na hudumu zaidi, ingawa bei yake inauma. Betri ya gari achana nayo, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kukesha na taa zako.

Mafundi hupenda kubana pesa kwenye waya, wakaweka mwembamba. Kutoka paneli hadi kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) mimi nimeweka wa milimita 6 za mraba, na fyuzi iko karibu kabisa na betri, upande wa chanya.

Paneli itazame kaskazini, maana tuko kusini mwa ikweta, na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ili maji yateremke na vumbi. Juu ya bati acha nafasi hewa ipite, kwani paneli ikipata joto sana umeme hupungua. Wenye tembe, nyumba za paa la udongo, wasimike nguzo uani, ila waizungushie miiba: mbuzi hupenda kujikuna hapo. Ifute asubuhi, kioo kikiwa bado cha baridi.

Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, sina. Taa na TV yangu ni za volti 12, na inveta hula umeme hata ikiwa haina kazi. Nikinunua friji nitafikiria upya.