Uso uliochoka na uso wenye wasiwasi si mmoja

Dadangu, umeuliza utaelezaje katika hadithi uso wa mtu aliyechoka na mwenye wasiwasi bila kurudia "alionekana amechoka". Mimi ningeanza kwa kuvitenganisha viwili hivyo. Uchovu huushusha uso: kope huwa nzito, mashavu hulegea, mdomo huwa wazi kidogo. Wasiwasi huukaza: nyusi husogeleana, ndita hutokea kwenye paji, taya hubana. Mwenye yote mawili uso wake unashuka na kukazana kwa pamoja, na hapo ndipo kazi ilipo.

Nenda kivuko cha Likoni, Mombasa, wakati wa magharibi, feri inapojaa. Utamwona mama aliyetoka kuuza soko la Marikiti, kikapu kitupu miguuni, leso imeteleza kichwani na hana habari. Macho yako kwenye maji lakini hayatazami maji. Simu ikilia, hata isiyo yake, mkono unaruka kifuani. Mkono huo unasema zaidi ya makunyanzi kumi.

Maneno tunayo: kusawijika, kukunja uso, kushika tama. Msemo huu wa mwisho naupenda mno, maana unakupa mkono, shavu na huzuni kwa mpigo. Ila usiyamwage yote kwa mhusika mmoja. Chagua moja, kisha mwache aseme "sijambo" kwa sauti inayokatika.

Na tafadhali, usimwambie msomaji sababu mapema. Deni, mtoto mgonjwa, kodi ya nyumba, hayo yaje baadaye.