Mbaazi ndefu zisizo na maua, na barua nyingine za bustani za kaskazini

Barua za Juni huwa nyingi kuliko za mwezi mwingine wowote. Ardhi imepata joto, na kila aliyevumilia theluji ametoka nje na jembe. Nimechagua nne. Atakayezisoma zote ataona narudia jambo moja: huku tuliko joto lipo, tena la kutosha. Kinachotutesa ni kalenda fupi na mchana mrefu.

Shikamoo mama. Mwaka jana nilipanda mbaazi za kwetu Tanga hapa Lewiston, Maine. Zilinipita kimo, majani yakapendeza, lakini sikuona tunda hata moja hadi baridi ikaziua. Mwaka huu nimeotesha tena na kuongeza samadi. Kuna dawa ya kuzifanya zizae?

Marahaba mwanangu. Dawa hakuna, na samadi itakuongezea majani tu. Mbaazi inapima usiku. Tanga mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, na zile mbaazi zetu za muda mrefu husubiri usiku urefuke kidogo ndipo zitoe maua. Lewiston mwezi huu mchana unafika saa 15 na nusu. Mmea unaona usiku mfupi, basi unaendelea kurefuka tu. Usiku unapofikia urefu unaoutaka, Septemba imeshaingia, na jalidi, ule umande unaoganda alfajiri, iko mlangoni. Hata nyumbani mbaazi za aina hiyo hukaa shambani zaidi ya miezi saba. Maine haina miezi saba ya kuzipa.

Zipo mbaazi za muda mfupi zisizojali sana urefu wa mchana; watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao kule India, wamezifanyia kazi miaka mingi. Ukizipata, jaribu. Lakini mimi ningekushauri ubadili mawazo kabla ya kubadili mbegu: mboga ya nyumbani, huku ipande kwa ajili ya majani. Mchicha, mnafu, mrenda, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga. Mchana uleule unaozikatalia mbaazi zako ndio unaounenepesha mchicha. Sia sasa hivi, udongo ukiwa na joto la nyuzi 18 au zaidi, na wiki ya nne au ya tano utakuwa unachuma. Chuma vichwa, using'oe, utachipua tena na tena. Mrenda ndio unaopenda jua kali kuliko wote. Upe sehemu yenye joto zaidi uwanjani. Na ukitaka kitu cha kuzaa, panda bamia. Aina iitwayo Clemson Spineless ilishinda tuzo Marekani mwaka 1939, na huanza kuzaa karibu siku 60 baada ya kusiwa. Haikuangushi.

Neno moja kuhusu mbegu za mkobani. Mbegu za kutoka nje zinahitaji karatasi za afya ya mimea, na forodhani lazima uzitaje. Sisemi kukutisha. Mdudu au ugonjwa mmoja ukiingia na mbegu, anayeumia ni mkulima wa jirani yako. Mchicha, bamia na kunde vyote vinauzwa hapahapa.

Mama, niko Oslo. Spinachi yangu imepanda shina na kutoa maua kabla sijaila mara mbili. Nimeipunguzia maji?

Hapana, maji si kosa. Spinachi ni kinyume cha mbaazi: mchana ukizidi saa 14 hivi, inakimbilia kuzaa mbegu, na Oslo mchana wa Juni unakaribia saa 19. Ing'oe, iende kwenye mboji. Mahali pake weka ile mboga ya majani mapana yenye bua nene jeupe, ambayo sokoni Nairobi huitwa spinachi. Ni ya ukoo wa kiazi-sukari, na kwenye pakiti za mbegu za Norway utaikuta kwa jina la mangold. Hiyo haitoi maua mwaka wa kwanza isipokuwa imepatwa na baridi ya muda mrefu ikiwa changa. Spinachi yenyewe isie tena mwanzoni mwa Agosti.

Shikamoo. Niko Edmonton, Kanada. Kila mwaka nyanya zangu zinajaa mti lakini Septemba zinanikuta bado kijani. Halafu sukuma wiki zimetobolewa zote, nimebaki na mishipa ya majani.

Marahaba. Tuanze na sukuma, maana jibu lake ni fupi. Ukiona vipepeo vyeupe vinacheza juu ya tuta, vinataga. Viwavi wake ni kijani sawasawa na jani, huwezi kuwaona hadi uligeuze. Funika tuta kwa wavu mwembamba tangu siku ya kupandikiza, pembeni ukandamize kwa udongo. Wakishaingia, waokote kwa mkono, au tumia dawa ya bakteria ya Bt, Bacillus thuringiensis, jioni jua likiwa limepungua. Inaua viwavi na haidhuru nyuki.

Nyanya sasa. Kwanza, soma namba iliyo kwenye pakiti. Kwa nyanya, zile siku 75 au 80 huhesabiwa tangu mche ulipotoka nje, si tangu mbegu ilipoingia kwenye kikopo. Aliyepandikiza mwanzoni mwa Juni aina ya siku 80 amejipangia mavuno ya mwisho wa Agosti, na hiyo ni kwenye joto zuri. Usiku wa Edmonton ni baridi. Ukishuka chini ya nyuzi 13 maua mengi hudondoka bila kushika tunda. Mwakani chagua aina ya siku 50 hadi 60, na nyanya ndogondogo kwanza, kwa sababu zinawahi.

Kwa hizi ulizo nazo: mwanzoni mwa Agosti kata ncha za matawi yote na ondoa maua mapya. Inauma kukata mti wenye afya, najua, lakini ua la Agosti Edmonton halitakuwa nyanya, linanyonya tu chakula cha zile zilizokwisha kushika. Kabla ya jalidi chuma zote zilizofikia ukubwa, hata za kijani zilizoanza kupauka, ziweke kwenye boksi ndani ya nyumba pamoja na ndizi mbivu. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi itaziivisha. Usiziweke kwenye friji.

Mama mwenzangu, tumehamia nyumba ya zamani hapa St. Paul, Minnesota. Mume wangu anataka tulime kando ya ukuta wa kusini, penye jua. Mwisho wa Juni tutakuwa tumechelewa?

Hamjachelewa, ila naomba jembe lisiguse udongo ule bado. Nyumba ilijengwa mwaka gani? Rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978. Kabla ya hapo kuta za nje zilipakwa hizo, zikabanduka, zikakwanguliwa, na vumbi lake likabaki pale chini ya ukuta. Risasi haiozi wala haisombwi na mvua. Inaharibu ubongo wa mtoto, na mtoto huipata zaidi kwa kutia mkono wa udongo mdomoni kuliko kwa kula nyanya. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota inapokea sampuli za wenye nyumba na inapima risasi. Iombe waziwazi, maana si sehemu ya kipimo cha kawaida. Hili silibembelezi, mama. Wakati mnangoja majibu, tengenezeni makasha ya mbao mbali na ukuta, myajaze udongo wa kununua na mboji. Udongo ulio wazi ufunikeni kwa majani makavu au vipande vya mbao, na watoto wanawe mikono wakitoka nje.

Kuhusu muda: St. Paul jalidi ya kwanza mara nyingi hufika mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Hesabu kurudi nyuma siku za kwenye pakiti, ongeza wiki mbili kwa sababu Septemba mimea huenda polepole. Mchicha, majani ya kunde na maharage mafupi ya siku 55 vyote bado vina nafasi. Kasha hukauka haraka kuliko ardhi. Lipe kama lita 25 za maji kwa mita moja ya mraba kila wiki, asubuhi, shinani. Agosti sia figili na spinachi. Oktoba kasha likiwa tupu, chomeka punje za kitunguu saumu kina cha sentimita 5 hadi 8, funika kwa nyasi kavu, mvune Julai. Chagua aina ya shina gumu, ndiyo inayohimili baridi ya kwenu, na agiza mbegu mwezi Agosti, kwa sababu Oktoba huwa zimekwisha.